Ukoko unaong'oa kimeta: utando wa kubanduliwa na usafi wa treni za abiria

Ugali ukishapakuliwa, sufuria hubaki na ukoko. Mama yangu hakuwa mtu wa kukwangua. Aliirudisha sufuria juu ya majivu yaliyobakiwa na joto kidogo, akaendelea na shughuli nyingine, na alipoirudia alikuta ukoko umekauka, umejikunja kingo na kuanza kuachana na chuma wenyewe. Ukiuinua taratibu ulitoka mzima kama bakuli jembamba. Chini yake sufuria ilikuwa safi kuliko ambavyo ungeisugua kwa mchanga na jasho, kwa sababu vyote vilivyokuwa vimegandia pale, unga, masizi, chembe za vumbi, viliondoka na ukoko.

Wahandisi wa nyuklia wamekuwa wakitumia kanuni hiyo kwa miongo mingi. Palipotua vumbi lenye mionzi hupaka majimaji mazito kama uji, huyaacha yakauke yawe ngozi, kisha huibandua ngozi hiyo pamoja na vumbi lililonaswa ndani yake. Baadaye wanasayansi wakauliza kama njia hiyo inaweza kufanya kazi dhidi ya kitu chenye uhai, au tuseme uhai uliolala: spora za kimeta zilizotua kwenye viti, nguzo na sakafu za treni ya chini ya ardhi. Inaweza, ila kwa sehemu. Sehemu hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, maana wengi wanapozungumzia usafi wa aina hii huchanganya kazi mbili zilizo tofauti kabisa, kuua na kuondoa.

Mkaidi wa kimeta

Wafugaji wa Afrika Mashariki wanaujua ugonjwa huu. Ng'ombe aliyekuwa mzima jana jioni anakutwa asubuhi amekufa, tumbo limevimba, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani. Bwana mifugo akifika, jambo la kwanza anasema: mzoga usipasuliwe. Wengi huchukulia kwamba katazo hilo ni la kuzuia watu wasile nyama. Lipo kwa ajili hiyo, lakini lina sababu ya pili. Ndani ya mwili wa mnyama, bakteria wa kimeta, Bacillus anthracis, yuko katika umbo lake la kawaida, laini, ambalo mzoga ukioza bila kufunguliwa hufa lenyewe kwa wingi. Ukiupasua, damu ikikutana na hewa, bakteria hujigeuza kuwa spora. Kuanzia hapo umekwisha kupanda shamba ambalo litavunwa na ng'ombe wa miaka mingi ijayo. Mwaka 2015 kimeta kiliua nyati zaidi ya mia moja katika hifadhi ya Ziwa Nakuru, Kenya, na mwaka 2004 na 2005 kiliangamiza viboko kwa mamia katika hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda.

Spora ni nini hasa? Ifikirie kama mbegu yenye maganda mengi. Katikati kuna kiini kilichokaushwa karibu kabisa, kimejaa kalisi na asidi maalumu inayolinda vinasaba visiharibike. Kinazungukwa na gamba nene, kisha koti la protini, na nje kabisa shuka jembamba lenye tabia ya kukataa maji. Haili, haipumui, haikui. Inangoja tu. Spiriti ya kusafishia mikono haiiui. Jua huichosha polepole. Mwaka 1942 wanajeshi wa Uingereza walijaribu mabomu ya kimeta katika kisiwa cha Gruinard, Scotland, wakaua kondoo waliokuwa wamewafunga pale. Kisiwa kikabaki kimefungwa kwa karibu nusu karne. Kilisafishwa mwaka 1986 kwa tani 280 za formaldehaidi iliyochanganywa na maji ya bahari, na serikali ilitangaza kuwa ni salama mwaka 1990.

Sasa ihamishe mbegu hiyo kutoka kwenye majani ya malisho uiweke kwenye treni ya mjini.

Treni ikipita ndani ya handaki hufanya kazi ya pampu ya baiskeli: inasukuma hewa iliyo mbele yake na kuvuta ile iliyo nyuma. Jeshi la Marekani lilitaka kujua hilo lina maana gani kwa silaha za vijidudu, na Juni 1966 watu wake waliangusha balbu za taa zilizojazwa bakteria katika njia za reli za chini ya ardhi za New York. Abiria hawakuambiwa. Bakteria waliotumika ni wale tunaowaita leo Bacillus atrophaeus, ambao huhesabiwa kuwa hawana madhara, na upepo wa treni uliwasambaza mbali na pale balbu zilipovunjikia. Miaka 27 baadaye kundi la kidini la Japani, Aum Shinrikyo, lilipuliza kimeta kutoka juu ya jengo lake Kameido, Tokyo. Hakuna aliyeugua, kwa sababu aina waliyoipata ilikuwa ile ya kutengenezea chanjo ya mifugo. Kundi hilohilo ndilo lililomwaga gesi ya sumu ya sarini katika treni za Tokyo tarehe 20 Machi 1995.

Kisha ikaja Septemba 2001. Barua zenye unga wa kimeta zilitumwa kwa posta nchini Marekani. Watu 22 waliambukizwa na watano wakafa, wakiwemo wafanyakazi wawili wa kituo cha kuchambulia barua cha Brentwood mjini Washington. Mashine za kuchambua zilizibana bahasha, na unga ukapenya kutoka humo kama poda inavyotoka kwenye kopo lililofinywa. Brentwood ilifungwa Oktoba 2001, ikafunguliwa Desemba 2003. Jengo la Hart, lenye ofisi za maseneta wa Marekani, lilifukizwa kwa gesi ya klorini dioksidi na kufunguliwa Januari 2002. Wakala wa Mazingira wa Marekani, EPA, ulitumia karibu dola milioni 27 kusafisha majengo ya Capitol, yaani ya bunge lao, peke yake.

Kutoka Hart lilipatikana somo ambalo kwangu ndilo kiini cha jambo lote hili. Kabla ya kufukiza, watafiti waliweka vipimo vya hewa katika ofisi iliyochafuliwa, kwanza watu wakiwa wametulia, kisha wakifanya kazi za kawaida za ofisini, kutembea, kusogeza karatasi. Shughuli hizo ndogo zilitosha kurudisha spora hewani, nyingi zikiwa na ukubwa unaofika ndani kabisa ya mapafu. Maana yake ni kwamba spora iliyotua haijamaliza safari. Kila hatua ya mguu, kila mlango unaofunguka, na katika handaki kila treni inayopita, inaweza kuipa safari mpya. Na msafishaji anayeingia na ufagio au kitambaa kikavu anaweza kulifanya jambo kuwa baya zaidi kuliko alivyolikuta.

Kuua na kuondoa

Wakati wa Ebola, watu wa Kongo na Uganda walizoea ndoo za klorini mlangoni: asilimia 0.05 kwa mikono, asilimia 0.5 kwa vitu na sakafu. Dawa hiyo ilitosha kwa sababu kirusi cha Ebola kimevikwa utando wa mafuta, na ukiupasua utando huo kirusi kimekwisha. Hata sabuni hukiua. Spora haina udhaifu huo. Klorini inaweza kuiua, ila inahitaji muda, inahitaji kuwa na nguvu, na inahitaji kuifikia.

Muda ndio unaokosekana zaidi. Nyunyizia jiki kwenye ukuta wa behewa uone. Sehemu kubwa inateremka sakafuni, iliyobaki inakauka baada ya dakika chache, na dawa iliyokauka haifanyi kazi tena. Halafu kuna suala la alkali. Jiki kama ilivyo kwenye chupa ina alkali nyingi, na katika hali hiyo klorini iko katika umbo ambalo spora hulistahimili vizuri. Wataalamu wa Marekani huishusha alkali hiyo mpaka karibu na usawa wa maji ya kawaida, ndipo dawa inapokuwa kali kwelikweli. (Jambo hili lisifanywe nyumbani kamwe: jiki ikikutana na asidi kupita kiasi hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huchoma mapafu.)

Kipimo cha mafanikio nacho ni kikali. Kwenye matangazo ya sabuni asilimia 99.9 huonekana kama ushindi. Lakini ikiwa palikuwa na spora milioni moja, asilimia 99.9 inakuachia elfu moja zilizo hai. Katika vipimo vya dawa za kuua spora, EPA hutazamia kile kinachoitwa punguzo la logi sita, yaani kati ya milioni moja isibaki zaidi ya moja. Kila logi ni kufuta sifuri moja: milioni moja, laki moja, elfu kumi, mpaka ufike kwenye moja.

Kuondoa ni kazi nyingine. Ukiondoa spora hai ukaitia mfukoni, ukuta umekuwa salama, mfuko ndio hatari. Ukiua bila kuondoa, maganda matupu yanabaki ukutani lakini hayamdhuru mtu. Njia moja ya kuua ni gesi, nayo hufika hata kwenye nyufa, lakini inadai uzibe kila tundu, na handaki la treni lina matundu ya kupitishia hewa kila mahali. Njia ya kuondoa iliyozoeleka ni mashine ya kufyonza yenye kichujio cha hali ya juu, ila spora ni ndogo mno, kama mikroni moja tu, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa ukubwa huo uzito wake si kitu ukilinganisha na nguvu inayoigandisha kwenye chuma, na hewa inayopita juu ya uso wa kitu huwa karibu imesimama pale chini kabisa spora ilipolala. Ndiyo maana vumbi jembamba hubaki kwenye kioo cha gari hata baada ya mwendo wa kilomita mia.

Utando wa kubanduliwa unataka kufanya zote mbili kwa mpigo, na juu ya hapo unaongeza ya tatu ambayo nadhani ndiyo iliyo bora kuliko zote: tangu dakika ile unapopakwa, spora haziruki tena.

Ngozi inavyofanya kazi

Majimaji yenyewe mara nyingi ni polima, yaani kemikali ya minyororo mirefu, iliyoyeyushwa katika maji. Inayopendwa zaidi ni polivinili alkoholi, ileile inayotengenezea vile vifuko vya sabuni ya kufulia vinavyoyeyuka ndani ya mashine. Bidhaa inayojulikana zaidi, DeconGel, ilitoka Hawaii na ilianza kama dawa ya mionzi na kemikali. Hupakwa kwa brashi, kwa rola au kwa mashine ya kunyunyizia, unene wa kutosha kiasi cha kuficha rangi ya kilicho chini yake.

Ikiwa bado mbichi, kazi yake ni kulowanisha. Polima peke yake haitoshi hapo, kwa kuwa lile shuka la nje la spora hukataa maji, kwa hiyo huongezwa kitu cha jamii ya sabuni ili majimaji yateleze mpaka chini ya spora na kuizunguka pande zote. Kisha maji huanza kuondoka. Minyororo mirefu ya polima iliyokuwa ikielea kwa raha inasogeleana, inasukana kama ukili, inabana. Chochote kilichokuwa katikati kinafungiwa humo. Na kadiri utando unavyokauka unasinyaa, na kusinyaa huko huzivuta chembe kutoka pale ziliposhika, kama ukoko ulivyovuta masizi ya sufuria.

Ili mwisho uwe mzuri, mishiko minne lazima ipangike sawasawa, miwili kwa miwili. Utando uishike spora kwa nguvu kuliko ukuta unavyoishika. Na utando ujishike wenyewe kwa nguvu kuliko unavyoushika ukuta. Sharti la kwanza lisipotimia, utabandua ngozi safi na kuacha uchafu palepale. La pili lisipotimia, ngozi itachanika vipande vipande mikononi mwako, kila mpasuko ukirusha chembe. Ndiyo sababu watengenezaji huongeza glisirini kidogo ili ngozi ibaki na ulaini wa mpira, na ndiyo sababu wapakaji husisitiziwa wasiupake mwembamba kwa kubana matumizi.

Wafaransa walikwenda njia yao. Kamisheni yao ya nishati ya atomiki, CEA, ilitengeneza jeli ya madini, ya silika au alumina, ambayo ikikauka haibaki ngozi moja. Hupasuka yenyewe kama tope la bwawa wakati wa kiangazi, ikawa magamba ya milimita chache, makubwa kiasi cha kutoruka kama vumbi. Magamba hayo hufyonzwa au hufagiliwa. Ndani ya jeli hutiwa magadi makali ya sodiamu na klorini, kwa hiyo spora huuawa katika muda wote jeli inapokuwa mbichi. Kwa pembe na vifundo, ambapo ngozi nzima ingekatika, naona wazo hili lina akili sana.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya utando wa mionzi na utando wa vijidudu. Vumbi la mionzi huwezi kuliua, kwa hiyo kuliondoa kunatosha. Spora unaweza kuiua, na usipoiua ndani ya utando umeihamisha tu. Kwa hiyo utando wa kibiolojia hutiwa dawa: klorini, au haidrojeni peroksaidi, au asidi ya peraseti. Jeli inaishikilia dawa ukutani kwa saa kadhaa badala ya dakika, na hivyo tatizo la muda linapungua sana. Povu la maabara ya Sandia ya Marekani, lililotumika pia katika majengo ya Capitol mwaka 2001, lilitafuta faida hiyohiyo ya kung'ang'ania ukutani, bila ya kubanduliwa.

Lakini dawa kali haimbagui adui. Klorini inayochoma koti la spora huchoma pia minyororo ya polima, na peroksaidi huachia viputo vya oksijeni vinavyotoboa ngozi kabla haijakomaa. Mkemia anayeandaa jeli hii anasawazisha mizani kila siku: dawa ikizidi, ngozi inaoza, na ikipungua, spora inapona. Ni kazi ya miaka mingi ya subira, nami naiheshimu.

Ndani ya behewa

Fikiria behewa moja lililochafuliwa. Feni zimezimwa, milango imezibwa kwa nailoni. Wafanyakazi wameingia na mavazi yaliyofunika mwili mzima, wanavuta hewa kupitia vichujio. Kwanza hunyunyiza ukungu mwepesi wa maji ili spora zilizo hewani zitue. Wanaanza kupaka kutoka darini kushuka chini, wakitoka mwisho wa behewa kuelekea mlango, ili wasikanyage walikopaka. Pembeni mwa kila kipande huacha ukanda wa kitambaa umezama nusu ndani ya jeli na nusu uko nje. Hicho ndicho kishikio cha kesho. Wanatoka, wanangoja usiku kucha. Asubuhi wanashika kitambaa na kuvuta polepole, wakikunja upande uliogusa ukuta kwa ndani, kama unavyokunja mkeka usitaki mchanga umwagike. Vyote huingia kwenye mfuko, na mfuko ndani ya mfuko mwingine, kisha kwenye tanuri la mvuke au la kuchomea.

Ukilinganisha na kuosha, faida inaonekana mara moja. Maji ya kuosha hutiririka, hupenya chini ya sakafu, huingia kwenye mifereji ya handaki, na kila lita imekuwa taka inayopaswa kutibiwa. Ngozi iliyokunjwa haitiririki.

Sasa tugeukie shida. Chuma cha pua, vioo, plastiki ngumu, vigae vilivyong'arishwa, vyote hivyo vinaukubali utando vizuri. Viti vya treni za New York ni vya plastiki ngumu. Viti vya London vimefunikwa kitambaa chenye manyoya mafupi, na hapo utando hauwezi kitu: polima itaingia kati ya nyuzi, itakauka imezikumbatia, na ukivuta utang'oa kitambaa au utaacha nusu ya jeli humo. Ni sawa na kutaka kubandua uji uliokaukia kwenye sponji ya kiti cha daladala kilichochanika. Zege tupu la handaki nalo lina vishimo visivyohesabika. Kokoto za reli usizitaje kabisa.

Uchafu wa kawaida ni adui wa pili, na huu husahauliwa na wanaojaribu dawa kwenye vibamba safi vya maabara. Hewa ya handaki imejaa vumbi la chuma linalotoka kwenye magurudumu, reli na breki, limechanganyika na grisi. Klorini hutumika kwa uchafu huo kabla haijaiona spora. Peroksaidi ina bahati mbaya zaidi, kwani chuma huivunjavunja ikawa maji na oksijeni. Kwa hiyo mahali pachafu panahitaji utando zaidi ya mmoja, wa kwanza ukichukua grisi na vumbi, wa pili ukifanya kazi ya dawa.

Halafu unyevu. Utando hukauka kwa maji kwenda hewani, na hewa ya handaki iliyojaa unyevu haiyataki maji hayo. Ngozi iliyopaswa kuwa tayari asubuhi inaweza kuwa bado telezi jioni yake, na ukiivuta kabla ya wakati unapata makamasi badala ya ngozi.

Kubwa kuliko yote ni hesabu. Behewa la New York lina urefu wa kama mita 18 na upana wa mita 3. Jumlisha sakafu, dari na kuta, utapata karibu mita za mraba 200 kabla hujagusa viti na nguzo. Utando mbichi wenye unene wa milimita moja unakula lita moja kwa kila mita ya mraba. Hizo ni lita 200 kwa behewa moja na mkono mmoja wa kupaka. Jiji hilo lina mabehewa zaidi ya 6,000, kwa hiyo kuyapaka yote mara moja ni zaidi ya lita milioni moja na laki mbili, na bado hujagusa vituo vyake 472.

Marekani waliifanya hesabu ya aina hii kwa uwazi. Katika mradi wao wa kurejesha usafiri wa chini ya ardhi baada ya shambulio la vijidudu, Mei 2016 waliachia gesi na chembe zisizo na madhara katika vituo vya New York kuona zinavyosafiri, safari hii wakiwatangazia abiria kabla. Baadaye mwaka huohuo, katika handaki la mazoezi la kambi ya Fort A.P. Hill, Virginia, walitawanya spora za Bacillus atrophaeus na kujaribu kuzimaliza. Walichokijaribu kwa eneo zima ni ukungu wa jiki iliyopunguzwa makali, na unyunyizaji wa jiki iliyoshushwa alkali. Hawakupaka ngozi ya kubanduliwa handaki zima, na walifanya sawa. Ukungu hufika kwenye nyaya na nyuma ya mabomba ambako brashi haifiki.

Kwa maoni yangu, utando una nafasi yake maalumu, na ni nafasi ya heshima. Kwanza ni pale ambapo dawa ya majimaji ingeharibu kitu cha thamani: meza ya dereva yenye swichi na skrini, mashine ya tiketi. Wanaosafisha vioo vya darubini za anga hutumia polima ya kubanduliwa kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa haikwaruzi. Pili ni pale palipochafuka kupita kiasi na pakiwa padogo, kwa mfano hatua chache kuzunguka mahali unga ulipomwagikia. Kabla ya kuleta ukungu na mashine zote, mafundi wanaweza kuufunika mzizi wa tatizo kwa utando na kuziba chanzo cha vumbi, hata kama hawataubandua mpaka wiki ijayo. Tatu ni nguzo na vishikio, ambavyo mikono ya maelfu itavirudia siku treni itakapofunguliwa.

Nafasi ambayo hauna ni ile ya magonjwa ya kila siku, na hapa corona ilitufundisha. New York ilisimamisha treni zake usiku kuanzia Mei 2020 ili zisafishwe, na mji wa Hong Kong ukaingiza roboti za kupuliza mvuke wa peroksaidi ndani ya mabehewa. Aprili 2021 kituo cha magonjwa cha Marekani, CDC, kikaeleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa mahali palipochafuka kwa kawaida uko chini ya mmoja kwa elfu kumi. Kirusi kile kilisafiri zaidi kwa pumzi, na kilipotua kilikufa chenyewe. Kukipakia ngozi ya polima kungekuwa kupoteza mali na nguvu za watu ambao tayari walikuwa wamechoka. Utando huu umetengenezwa kwa ajili ya kitu kisichokufa chenyewe.

Ngozi ikishatoka, kazi ya mpakaji imekwisha lakini behewa bado halijafunguliwa. Anaingia mtu mwingine na sponji zilizolowanishwa. Anapangusa mraba uliopimwa kwa fremu, anatia sponji kwenye kopo, anaandika namba, anasogea kwenye mraba wa pili, wa tatu, chini ya kiti, nyuma ya mlango, kwenye bawaba. Makopo yanapelekwa maabara, yanakamuliwa kwenye sahani za chakula cha bakteria, na sahani zinawekwa kwenye joto. Spora yoyote iliyopona, ikipata chakula na joto, inaamka. Katika majaribio ya Bacillus atrophaeus inajitokeza kama doa la rangi ya chungwa, kubwa la kutosha kuonekana kwa macho. Mtu wa maabara anahesabu madoa. Likionekana hata moja kutoka kwenye ule mraba wa bawaba, ndoo ya jeli inafunguliwa tena, na kitambaa kingine cha kishikio kinakatwa.